George de Hevesy: Mkimbizi aliyeipa macho tiba ya saratani

Siku ya Aprili 9, 1940, majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakipita katika barabara za Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mkemia mmoja mwenye umri wa miaka 54 alikuwa maabarani akiyeyusha dhahabu.

Dhahabu hiyo ilikuwa medali 2 za tuzo ya Nobel. Wenyewe walikuwa wanafizikia wa Ujerumani, Max von Laue na James Franck, walioziweka amana katika taasisi ya mwanasayansi mashuhuri wa Denmark, Niels Bohr, zisije zikaangukia mikononi mwa utawala wa Hitler. Kutoa dhahabu nje ya Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na kila medali ilikuwa imechongwa jina la mwenyewe. Franck alikwisha kuhamia Marekani, lakini Laue alikuwa bado yumo nchini. Medali zikionekana, ushahidi dhidi yake ulikuwa tayari.

Mkemia huyo alipendekeza zizikwe ardhini. Bohr hakuafiki, kwa kuwa kilichofukiwa huweza kufukuliwa. Ndipo zilipotumbukizwa katika mchanganyiko wa tindikali za hidrokloriki na nitriki, mojawapo ya vimiminika vichache viwezavyo kuila dhahabu. Mwishowe ilibaki chupa tu, ikawekwa rafuni pamoja na chupa nyingine. Wanajeshi waliikagua taasisi hiyo na kuipita chupa bila kuijali. Vita vilipokwisha ilikutwa pale pale ilipoachwa. Dhahabu ilitenganishwa na tindikali, ikapelekwa Sweden, na medali zikatengenezwa upya.

Mkemia huyo alikuwa George de Hevesy, mzaliwa wa Hungary. Kisa cha medali ndicho watu wengi hukikumbuka anapotajwa. Lakini kwa mgonjwa wa saratani wa leo, kisa hicho ni mfano tu wa kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 50. Hevesy alionyesha kwamba kitu kinaweza kuchanganyika na wenzake hata kikadhaniwa kimepotea, kumbe kipo, na mwenye kujua namna ya kukitafuta atakipata. Juu ya msingi huo zimejengwa picha zinazoonyesha saratani ilipojificha mwilini, na pia baadhi ya dawa zinazoifuata huko huko iliko.

Kazi iliyomshinda Manchester

Hevesy alizaliwa Budapest, Agosti 1, 1885, katika familia tajiri ya asili ya Kiyahudi iliyokuwa imeingia dhehebu la Katoliki. Alikuwa mtoto wa 5 kati ya watoto 8. Alisoma katika shule ya mapadre wa mjini humo, kisha akaendelea na masomo Budapest, Berlin na Freiburg, Ujerumani, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1908.

Mwaka 1911 alifika Manchester, Uingereza, kufanya kazi chini ya Ernest Rutherford, bingwa wa elimu ya atomu wa zama hizo. Rutherford alikuwa na shehena ya madini ya risasi iliyotoka katika migodi ya Austria. Ndani ya risasi hiyo mlikuwamo kitu chenye mionzi kilichoitwa wakati huo radiumu D. Rutherford alikihitaji kwa utafiti wake, lakini risasi iliyokizunguka ilikuwa ikiimeza mionzi yake. Alimkabidhi kijana huyo wa Hungary kazi ya kuvitenganisha.

Hevesy alijaribu kila njia ya kikemia aliyoijua. Alichemsha, akachuja, akapitisha umeme, akaanza upya. Karibu miaka 2 ilipita, na radiumu D ilikuwa bado imeng'ang'ania ndani ya risasi. Kwa mtafiti kijana aliyetumwa kazi moja na mwalimu mkubwa, hilo lilikuwa pigo.

Sababu ilijulikana baadaye. Radiumu D haikuwa kitu tofauti na risasi, bali ni risasi yenyewe, ila kiini cha atomu yake kina uzito tofauti na hakikutulia. Atomu za namna hii, zilizo ndugu kikemia lakini tofauti kwa uzito, zilipewa jina la isotopu mwaka 1913. Hakuna njia ya kikemia ambayo ingeweza kuzitenganisha, maana kwa kemia zote ni kitu kimoja.

Hapo Hevesy akaligeuza swali. Ikiwa risasi yenye mionzi haiwezi kutengwa na risasi ya kawaida, basi kila inapokwenda moja na nyingine ipo. Na kwa kuwa ile yenye mionzi hujitangaza yenyewe kwa kipimo, ingeweza kutumiwa kama alama ya kuzifuatilia nyingine. Mwaka 1913, akiwa Vienna pamoja na mkemia Fritz Paneth, alilitumia wazo hilo kupima ni kiasi gani cha chumvi za risasi huyeyuka katika maji. Kiasi hicho kilikuwa kidogo mno kwa mizani yoyote ya wakati huo, lakini mionzi yake ilihesabika.

Kiporo cha mama mwenye nyumba

Kuna kisa cha siku zile za Manchester ambacho Hevesy mwenyewe alipenda kukisimulia uzeeni. Alikuwa akiishi katika nyumba ya kupanga ambamo mama mwenye nyumba aliwapikia wapangaji. Hevesy alishuku kwamba nyama iliyobaki mezani Jumapili ilikuwa ikirudishwa siku za baadaye kwa sura nyingine. Mama huyo alikana kabisa.

Jumapili moja Hevesy alinyunyizia chembe kidogo ya kitu chenye mionzi juu ya chakula alichokibakiza. Siku chache baadaye alikuja mezani na kipimo cha mionzi. Kipimo kilionyesha kwamba kilichokuwa sahanini ni kile kile kiporo cha Jumapili. Kwa sheria za usalama za leo, jambo hilo lingempeleka mtu mahakamani. Hata hivyo, wanahistoria wa sayansi hukitaja kisa hicho, nusu kwa mzaha, kuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya kufuatilia kitu kwa alama ya mionzi.

Mji mmoja hadi mwingine

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimwingiza Hevesy katika jeshi la himaya ya Austria na Hungary. Vita vilipokwisha himaya hiyo ilisambaratika, na Budapest ikapita katika mapinduzi na kisasi cha mapinduzi. Hevesy alipewa cheo cha uprofesa katika utawala mmoja, na utawala uliofuata ukamfukuza. Mwaka 1920 aliondoka, akapokewa na Bohr mjini Copenhagen.

Huko ndiko alikofanya ugunduzi uliompa jina kwanza. Akishirikiana na Mholanzi Dirk Coster, alitumia mionzi ya eksirei kuchunguza mawe yenye madini ya zirkoniamu, na mwanzoni mwa mwaka 1923 wakatangaza kwamba wamegundua elementi namba 72, iliyokuwa ikitafutwa kwa miaka mingi. Waliiita hafniamu, kutokana na Hafnia, jina la Kilatini la Copenhagen. Ilikuwa kama shukrani ya mgeni kwa mji uliompokea.

Mwaka huo huo alirudi kwenye wazo lake la zamani na kulipeleka mahali jipya, katika viumbe hai. Alitia mizizi ya maharagwe katika maji yenye risasi iliyotiwa alama, akapima ilikofika katika mmea. Mwaka 1924, pamoja na wenzake, alifanya vivyo hivyo kwa wanyama, akitumia risasi na bismathi. Bismathi ilikuwa dawa ya kaswende wakati huo, na madaktari hawakujua vyema inakwenda wapi ikishaingia mwilini.

Mwaka 1926 alikwenda Freiburg kuwa profesa, akiwa na mkewe Mdenmark, Pia Riis, waliyefunga ndoa mwaka 1924. Miaka 8 baadaye alihama tena. Hitler alikuwa ameshika madaraka mwaka 1933, na vyuo vikuu vya Ujerumani vilikuwa vikiwatimua walimu wenye asili ya Kiyahudi. Mwaka 1934 Hevesy alijiuzulu na kurudi Copenhagen. Kabla ya kuondoka, yeye na mwenzake Erich Hofer walikunywa maji yaliyochanganywa na maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni ya uzito wa ziada. Walipopima mikojo yao waliona kwamba tone la maji hukaa mwilini kwa wastani wa siku 13 hivi kabla ya kutoka.

Mifupa isiyotulia

Hadi hapo kazi yake ilikuwa na kikwazo kikubwa. Vitu vyenye mionzi vilivyopatikana kwa asili, kama risasi, si sehemu ya kawaida ya mwili, tena vingi ni sumu. Mwaka 1934 Irène Joliot-Curie na mumewe Frédéric Joliot walionyesha, huko Ufaransa, kwamba atomu za kawaida zinaweza kufanywa zitoe mionzi. Mlango ulifunguka. Sasa ingewezekana kutia alama vitu vile vile ambavyo mwili umejengwa kwavyo.

Hevesy alichagua fosforasi. Kwa kuipiga salfa na nyutroni, alipata fosforasi yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 14 hivi. Mwaka 1935, yeye na daktari Otto Chiewitz waliwalisha panya fosforasi hiyo, kisha wakaangalia imekwenda wapi.

Matokeo yalitikisa fikra za wengi. Mifupa ya mnyama aliyekomaa ilidhaniwa kuwa kama nguzo za nyumba: zikishasimikwa, basi. Hevesy na Chiewitz waliona fosforasi mpya ikiingia mifupani na ya zamani ikitoka. Atomu moja ya fosforasi ilikaa katika mwili wa panya kwa wastani wa miezi 2 tu. Umbo la mfupa hubaki, lakini vijenzi vyake hubadilishana pasipo kukoma. Mwili ulikuwa kama mto, ambao jina na kingo ni zile zile, ila maji si yale ya jana.

Nchini Marekani, fosforasi hiyo hiyo ilianza kutumika kwa njia nyingine. Katika chuo kikuu cha California, Berkeley, daktari John Lawrence alimtibu mgonjwa wa saratani ya damu kwa fosforasi yenye mionzi mwaka 1936. Atomu ambayo kwa kiasi kidogo ilimwonyesha Hevesy njia, kwa kiasi kikubwa ilipewa kazi ya kuua seli za ugonjwa.

Mionzi yawekwa kuichunguza mionzi

Tiba ya saratani kwa mionzi ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40 wakati huo. Eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, na haikuchukua muda madaktari wakaanza kuielekeza kwenye uvimbe. Waliona kwamba baadhi ya uvimbe hunywea. Waliona pia kwamba ngozi huungua na viungo vizima huathirika. Lakini ndani ya seli hasa hutokea nini? Hilo halikujulikana. Tiba ilikuwa ikitolewa kwa uzoefu, mithili ya mtu anayebisha hodi gizani asijue mlango uko wapi.

Mwaka 1942 Hevesy na mwenzake Hans von Euler, wa Stockholm, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyogusa swali hilo. Walichukua panya wenye uvimbe wa saratani, wakaupiga mionzi ya eksirei, kisha wakawapa panya hao fosforasi iliyotiwa alama. Fosforasi ni sehemu ya uti wa DNA. Seli inayotaka kugawanyika ni lazima itengeneze DNA mpya, na ikifanya hivyo huchukua fosforasi kutoka katika damu. Kwa hiyo, kiasi cha mionzi iliyopatikana ndani ya DNA kilieleza ni DNA mpya kiasi gani imetengenezwa.

Uvimbe uliopigwa eksirei ulikuwa umetengeneza DNA kidogo sana kuliko ule ulioachwa. Eksirei haikuwa imeuchoma uvimbe tu kama moto unavyochoma kuni. Ilikuwa imeingia katika kazi ya ndani kabisa ya seli na kuizuia.

Uzito wa jambo hilo unaonekana mtu akitazama tarehe. Mwaka 1942 wanasayansi wengi bado waliamini kwamba urithi wa viumbe umo katika protini. Ushahidi wa Oswald Avery na wenzake, mjini New York, kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi, ulichapishwa mwaka 1944. Umbo la ngazi pacha iliyosokotwa lilielezwa mwaka 1953. Hevesy na Euler walikuwa wamekwisha kuigusa DNA kuwa mahali ambapo mionzi na saratani hukutana, kabla wengi hawajajua DNA ni nini hasa.

Leo inafahamika kwamba mionzi hukata nyuzi za DNA, na kwamba nyuzi zote 2 zikikatwa mahali pamoja, seli hupata taabu kuziunga. Seli nzima huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kujitengeneza kuliko seli nyingi za saratani. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa mionzi kwa dozi ndogo ndogo kwa siku nyingi, badala ya dozi moja kubwa, ili viungo vizima vipate nafasi ya kupona.

Ukimbizi wa mwisho na tuzo

Msimu wa vuli wa mwaka 1943, Wajerumani walipoanza kuwasaka Wayahudi wa Denmark, maelfu walivushwa hadi Sweden, nchi isiyokuwamo vitani. Mwaka huo Hevesy naye alikimbilia Stockholm. Alikuwa na umri wa miaka 58, na hiyo ilikuwa mara ya 3 kwa siasa kumng'oa mahali pake pa kazi.

Mwaka 1944 ilitangazwa kwamba tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943, ambayo ilikuwa imeahirishwa, ni yake. Alitunukiwa kwa kazi ya kutumia isotopu kama alama za kufuatilia mambo ya kemia. Mtu aliyeziyeyusha medali za wengine ili kuokoa maisha sasa alipata ya kwake mwenyewe. Mwaka 1945 alipewa uraia wa Sweden.

Aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni. Alipokea nishani ya Copley ya Uingereza mwaka 1949 na tuzo ya Marekani ya Atomu kwa Amani ya mwaka 1958. Katika miaka ya mwisho alichunguza mwendo wa madini ya chuma katika damu, na upungufu wa damu unaoandamana na saratani. Alifariki dunia mjini Freiburg, Julai 5, 1966, akiwa na umri wa miaka 80. Mwezi Aprili 2001, kwa matakwa ya familia yake, mabaki yake yalizikwa Budapest, mji ambao ulimfukuza miaka 80 iliyotangulia.

Kuona na kutibu

Hevesy hakuacha picha. Alichokuwa nacho ni hesabu za mionzi, zilizopatikana mara nyingi kwa kumchinja mnyama na kupima kiungo kimoja kimoja. Kumwangalia mgonjwa aliye hai kulihitaji mashine, nazo zilikuja baadaye. Katika miaka ya 1950 Hal Anger wa Berkeley alibuni kamera inayonasa miale ya gama kutoka mwilini. Mwaka 1976, huko Philadelphia, mtu alidungwa kwa mara ya kwanza sukari iliyotiwa alama ya florini yenye mionzi, na ubongo wake ukapigwa picha.

Sukari hiyo ndiyo inayotumika zaidi leo katika vipimo vya PET. Seli nyingi za saratani hula sukari kupita kiasi, jambo ambalo Mjerumani Otto Warburg alilieleza tangu miaka ya 1920. Sukari yenye alama huingia ndani ya seli hizo na kunaswa humo, na uvimbe ukang'aa katika picha. Madaktari wanaopanga tiba ya mionzi hutumia picha kama hizo kujua mpaka wa uvimbe, ili miale ielekezwe panapostahili na kuepuka panapostahili kuepukwa.

Lakini fosforasi ya Lawrence ilikuwa na kasoro ambayo Hevesy aliifahamu vizuri: ilikwenda kila penye uhitaji wa fosforasi, ukiwamo uboho wa mifupa mizima. Iodini yenye mionzi ilikuwa na bahati zaidi, kwa sababu tezi ya shingo huivuta yenyewe, na tangu miaka ya 1940 hutumika dhidi ya saratani ya tezi hiyo. Kwa saratani nyingine alihitajika mbebaji, yaani molekuli inayoijua seli ya ugonjwa na kuipita iliyo nzima.

Mbebaji huyo alipatikana kwa njia ya elimu ya molekuli za uhai. Katika miaka ya 1990 watafiti waliisoma jeni ya protini iitwayo PSMA, inayojaa juu ya seli nyingi za saratani ya tezi dume. Baadaye zilitengenezwa molekuli ndogo zinazoishika protini hiyo kama ufunguo na kufuli. Molekuli ikifungwa atomu ya galiamu yenye mionzi, mashine ya PET huonyesha mahali saratani ilipo, hata kama imeenea mifupani. Ikifungwa atomu ya lutetiamu, ambayo miale yake ya beta husafiri umbali wa milimita chache tu, humfikia adui yule yule na kumpiga. Lutetiamu hutoa pia miale ya gama, na kwa hiyo daktari anaweza kuona dawa imefika wapi.

Mgonjwa hupigwa picha kwanza. Picha isipoonyesha kitu, dawa haitakuwa na pa kushika, na mtu huyo anaepushwa na tiba isiyomfaa. Tiba na picha zimekuwa maswali 2 anayoulizwa mjumbe mmoja.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo ya lutetiamu mwaka 2022. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa 831 ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kushinda tiba nyingine, ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo waliishi kwa wastani wa miezi 15 hivi, ikilinganishwa na miezi 11 hivi kwa wasiopewa. Huo si muujiza. Wengine hawapati nafuu, na tezi za mate na uboho huweza kudhurika. Lakini miezi 4 kwa aliyeambiwa hakuna njia iliyobaki si kitu kidogo.

Gharama ni kubwa, na mionzi haingoji. Florini ya vipimo vya PET hupoteza nusu ya nguvu yake kwa chini ya saa 2, na lutetiamu kwa siku 6 na kitu. Chelewesho la ndege moja au mashine moja iliyoharibika huweza kuivuruga ratiba nzima. Katika Afrika Mashariki, ambako saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zinazowapata wanaume wengi zaidi, vituo vya tiba ya nyuklia viko katika miji michache, na wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Elimu ipo, njia ya kuwafikishia wenye kuihitaji bado ni nyembamba.

Jina la mji uliompokea

Atomu ya lutetiamu yenye mionzi haibaki kuwa lutetiamu. Ikishatoa mwale wake ndani ya mwili wa mgonjwa, hugeuka kuwa elementi inayofuata katika orodha, namba 72, iliyotulia na isiyo na mionzi. Elementi hiyo ni hafniamu.

Hevesy hakuishi kuiona dawa hiyo. Lakini kila inapomaliza kazi yake katika uvimbe wa mgonjwa, huacha nyuma chembe ndogo mno za elementi aliyoigundua yeye, yenye jina la mji uliomfungulia mlango alipokuwa hana kwao.